96 ya Vijay Sethupathi na Trisha: ikifika usiku ni tamu balaa, ila mwanzo unachosha

Kama muvi za Kitamil (za India ya kusini) unazozijua ni zile za vibanda umiza, steringi anatoa ngumi moja mtu anavunja ukuta, basi 96 itakushangaza maana humu hakuna adui wala ngumi hata ya bahati mbaya. Ilitoka 2018, ndiyo ya kwanza kuongozwa na C. Prem Kumar ambaye kabla ya hapo alikuwa mpiga kamera, na stori yenyewe ni fupi tu: Ram (Vijay Sethupathi) na Janu (Trisha) walipendana shuleni mji wa Thanjavur, familia ya Ram ikahama ghafla kwa sababu ya madeni ya baba, wakapotezana, sasa miaka 22 imepita wanakutana Chennai kwenye sherehe ya waliosoma pamoja. Janu ameolewa, anaishi Singapore, ana binti. Ram ni mpiga picha, hajaoa. Asubuhi Janu ana ndege. Kwa hiyo wana usiku mmoja, basi. (Nitagusa mambo ya ndani, kama hujaiangalia na hupendi kuharibiwa utamu ishia hapa.)

Kilichonishika mimi ni kwamba hawa watu hawashikani ovyo. Usiku kucha wapo pamoja, mvua inanyesha, wanaingia hotelini, wanapanda treni, wanaenda hadi nyumbani kwa Ram na wewe unakaa roho juu unasema sasa hivi, sasa hivi, na hakuna kitu, maana huyu ni mke wa mtu na wote wawili wanalijua hilo bila kuhubiriwa. Vijay Sethupathi jitu zima na ndevu zake, Janu akimwekea mkono kifuani anadondoka amezimia! Halafu Trisha jamani. Karibu muvi nzima kavaa nguo ileile moja ya njano na jinzi na bado humchoki, anauliza maswali makavu makavu mpaka Ram anakosa pa kuuweka uso.

Sini ya kuangalia mara mbili ni ya umeme. Enzi za shule Janu alikuwa anaimba kila wimbo darasani isipokuwa ule mmoja ambao Ram anaupenda, Yamunai Aatrile, utunzi wa Ilaiyaraaja wa 1991, akiombwa anaimba mwingine makusudi. Sasa yupo nyumbani kwa Ram, umeme unakatika, na humo humo gizani anaanza kuuimba wenyewe bila kuombwa. Ram anavurugwa, anahangaika huku na huku anajigonga kutafuta taa, kwa sababu sauti anaisikia ila anataka amwone usoni akiwa anaimba. Hakuna maneno pale na mimi machozi yalinitoka. Na muziki wa Govind Vasantha muvi nzima ni vayolini inayojua lini inyamaze.

Sasa matatizo. Muvi ina dakika 158 na Janu mkubwa anachelewa sana kutokea, kabla yake tunazungushwa na safari za Ram, picha za jangwa na milima, marafiki wa grupu la WhatsApp wanaotaniana utani ambao hata ukisoma tafsiri ya chini hauchekeshi. Watoto waliocheza Ram na Janu wadogo, Aadithya Bhaskar na Gouri Kishan, wako vizuri mno, wangepewa wao huo muda. Halafu sababu ya wawili hawa kupishana ukubwani ni nyepesi: Ram alimfuata chuoni, Janu akadhani ni yule mwanaume mwingine anayemsumbua, akakataa kutoka nje, imeisha hiyo. Maisha mazima ya watu wawili yameharibika kwa salamu iliyofika vibaya, mimi hapo nilikasirika, tena sio kasiriko ambalo dairekta alilitaka.

Lakini linalonikera zaidi ni jinsi Ram anavyosifiwa. Miaka yote alikuwa anamfuatilia Janu kwa mbali, hadi kwenye harusi alikuwepo kimya kimya, na muvi inakuambia huo ndio upendo safi. Dada yeyote ambaye amewahi kufuatwafuatwa bila kujua atakuambia hiyo inatisha. Ningetaka Janu amuulize hata swali moja gumu kuhusu hilo, anavyojua kuuliza yule. Na mume wa Singapore naye ni kama hayupo, hatumjui ni mtu wa aina gani, kwa hiyo Janu anaporudi hatujui anarudi kwenye nini.

Pamoja na hayo mimi naipa nane kwa kumi. Kuna ya Kitelugu, lugha nyingine ya India, inaitwa Jaanu, 2020, dairekta yuleyule, Samantha na Sharwanand, sini nyingi ni zilezile na Samantha kajitahidi kweli, ila anza na hii ya Kitamil, tena iangalie usiku na simu uweke mbali.