Steshenari iliyoniharibia mchoro wa penseli: uzoefu wangu wa kuskani hapa Dodoma

Steshenari hii ya katikati ya mji sitaitaja kwa jina, kwa kuwa sina nia ya kumfilisi mtu. Ninachotaka ni kila mchoraji wa Dodoma anayeanzia kazi yake kwenye karatasi na kuimalizia kwenye kompyuta ajue yaliyonipata humo, na ayajue kwa undani, maana kijana aliyenihudumia alinitolea kauli ambayo hadi leo inanichoma: "Dada, si unaenda kupaka rangi kwenye kompyuta? Basi rekebisha huko huko."

Mimi huchora viumbe na nchi za kubuni. Mchoro niliopeleka siku ile, wakati wa zile pepo za kiangazi, ulitokana na kisa cha tembo aliyezama matopeni, ambacho wengi hukihusisha na jina la mji wetu, ila kwangu tembo huyo anaibuka tena baada ya karne nyingi, mgongoni ameotwa na mibuyu, na mbele yake wamesimama watu warefu, wembamba, wenye vichwa vilivyopambwa, ambao maumbo yao nimeyakopa kwenye michoro ya miambani ya Kondoa. Kazi ya penseli peke yake ilinichukua majuma kadhaa kwenye karatasi ya A3. Mistari ya kwanza na mibuyu ya mbali niliichora kwa 2H, penseli ngumu yenye mstari hafifu, maumbo kwa HB ya wastani, kisha 4B na 6B, zilizo laini na nyeusi zaidi, zikaingia kwenye mikunjo ya ngozi na kwenye giza lililo chini ya tumbo.

Nilikwenda steshenari kwa sababu skana nyingi za nyumbani ni za A4, na ukiskani mchoro wa A3 vipande viwili halafu ukaviunga, macho yanayojua huona mshono. Kabla sijamkabidhi kijana karatasi nilimweleza, taratibu na kwa heshima, kwamba ailaze kwenye kioo, achague kijivu badala ya maandishi, na aweke nukta 600 kwa inchi. Aliitikia kwa kichwa huku akiongea na simu. Nilikuwa bado natafuta fleshi kwenye mkoba niliposikia mashine ikivuta karatasi. Alikuwa ameipitisha juu, kwenye sehemu inayovuta karatasi zenyewe, ile wanayopitishia vyeti na barua za maombi ya kazi kutwa nzima.

Ilipotoka upande wa pili, tumbo la tembo lilikuwa limevutwa kwa michirizi ya kijivu hadi kwenye miguu ya wale watu. Penseli haizami kwenye karatasi kama wino; unga wake hukaa juu, umeshikwa na vinyweleo vya karatasi tu, na sehemu iliyochorwa kwa 6B ina unga mwingi kuliko nyingine zote. Ukiibana chini ya magurudumu ya mpira yanayozunguka, unga huo lazima uhame. Jambo hili halihitaji chuo. Mtoto yeyote wa shule aliyewahi kupitisha kiganja juu ya daftari lake analijua.

Nikafungua faili, na huko nako msiba. Alikuwa ameacha mpangilio wa maandishi. Katika skani ya kijivu ya kawaida, kila nukta inaweza kuchukua kiwango kimojawapo kati ya 256, kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili, na karatasi ya A3 kwa nukta 600 kwa inchi hutoa karibu nukta milioni 70. Katika mpangilio wa maandishi kila nukta ni nyeusi au ni nyeupe, basi. Mibuyu yangu ya 2H ilikuwa imetoweka yote, na mikunjo ya ngozi imegandamana kuwa doa moja jeusi. Nilipomwonyesha, ndipo akanijibu kwa ile kauli yake, tena bila kuniangalia, huku akimwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Rekebisha huko huko! Kauli hiyo inaonyesha kwamba machoni pa watu hawa kompyuta ndiyo inayochora, na mkono wangu ni maandalizi tu. Kazi yenyewe haiendi hivyo. Mchoro ukishaingia kwenye programu, kwanza nasafisha weupe wa karatasi kwa uangalifu mkubwa, maana nikizidisha kidogo tu mistari hafifu inakufa. Kisha, kwa kuwa programu hupanga picha kwa matabaka kama karatasi angavu zilizopandana, naliweka tabaka la penseli juu ya mengine yote katika hali ya kuzidisha, ambapo weupe huiacha rangi ya chini ilivyo, weusi huizima, na kijivu huitia kivuli kwa kadiri ya uzito wake. Chini ya penseli napaka rangi pana, wekundu wa udongo, manjano ya nyasi kavu, buluu ya mbali, na kila rangi ninayoipaka hupata mwili kutokana na kijivu kilichoko juu yake. Mwishoni kabisa naongeza tabaka jingine juu, la rangi nzito, mahali panapopigwa na mwanga tu: jicho la tembo, tope bichi, kingo za majani. Kwa hiyo kijivu ndicho kinachobeba picha nzima. Faili isipokuwa nacho, hakuna kitufe cha kukirudisha, kwa sababu habari yenyewe haimo. Kosa la kwenye kompyuta nalifuta mara moja na kuendelea, ila la kwenye karatasi halifutiki hivyo, na ndiyo maana karatasi ndiyo ilistahili kuogopwa pale kaunta.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikupiga picha kwa simu. Penseli nzito hung'aa ikipigwa na mwanga, kwa hiyo pale penye giza kuu la mchoro ndipo picha ya simu huonyesha mng'ao mweupe, na lenzi nayo hupinda kingo za karatasi. Kwa picha ya kuwaonyesha marafiki inatosha. Kwa kazi ya kuchapishwa, hapana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatendeka katika mkoa huu. Mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alifika Kondoa kunakili michoro ya miambani, mmoja mmoja, kwa mkono, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza michoro hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Anayenakili mchoro wa mtu mwingine ameshika dhamana. Sikumtaka kijana yule afanye kazi ya mtafiti. Nilimtaka ainue kifuniko cha mashine.

Hata hivyo, nisiposema hili nitakuwa nimewadhulumu. Steshenari hii hii ndiyo inayochapisha vizuri kuliko zote nilizojaribu hapa mjini. Baba mmoja wa makamo anayesimamia printa kubwa hukuonyesha kwanza kipande kidogo cha majaribio, hukuuliza kama wekundu ndio huo, na asiporidhika yeye mwenyewe hukirudia kabla hujalalamika. Wekundu wa udongo wetu kwingine hunigeukia zambarau. Kwake hutoka kama ulivyo. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msikanyage pale kabisa. Sasa siwezi kusema hivyo kwa moyo mweupe.

Na mama mwenye duka naye alinishusha hasira kwa muda. Alipofika nilimwamkia, nikamweleza yote, akasema, "Pole sana, mwanangu," akanirudishia hela ya kuskani, kisha akailaza karatasi kwenye kioo kwa mikono yake mwenyewe baada ya kukifuta vumbi. Faili ile ilikuwa safi, kijivu chote kimo, na mibuyu ya mbali ikarudi. Michirizi niliiondoa kwenye kompyuta kwa taabu, kwa kuchora upya mikunjo ambayo tayari nilikuwa nimeichora, na picha imekamilika. Wanaoiona wanaipenda.

Lakini karatasi yenyewe ilikuwa na mtu aliyekuwa akiisubiri. Wachoraji wa namna yangu huuza vitu viwili, picha iliyokamilika na mchoro wa penseli uliozaa picha hiyo, na wa pili ni mmoja tu duniani. Mteja wangu aliitazama ile michirizi, akanipa pole, akaondoka bila kuichukua, wala simlaumu. Kila nikifika hapa katika kuandika naona upole wa yule mama haulingani na hasara niliyobaki nayo. Nilimuuliza karatasi itafidiwa vipi, akasema atakaa kwanza na kijana wake kisha anipigie simu. Simu hiyo haijapigwa. Kuchapisha nitaendelea kuchapisha kwao, kwa ajili ya yule baba wa printa, ila wakati huu nawapelekea fleshi peke yake, na michoro yangu ya penseli naipeleka kuskaniwa kwingine, hata kama ni mbali na ghali zaidi.