Ribblehead: nilimpeleka shangazi kuona daraja

"Hii ndiyo stesheni, au treni imeharibika?" Hilo ndilo swali la kwanza la shangazi tuliposhuka. Simlaumu. Yeye ni mtu wa Voi, na stesheni anazozijua ni zile za enzi zake: treni ikisimama tu, madirisha yanajaa mikono ya wauza mayai, ndizi na karanga. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mmoja wao. Hapa Ribblehead, kaskazini mwa Uingereza, tulishuka watu saba, na ni sisi wawili tu tusio na mabuti ya mlimani. Treni ikaondoka, tukabaki na upepo na kondoo.

Tulitoka Leeds asubuhi, mwendo wa saa moja na robo hivi. Mkishapita Settle, treni inaanza kupanda, na hapo ndipo simu irudi mfukoni. Kulia ni mlima Pen-y-ghent, mita 694, na kushoto Ingleborough, mita 723. Ukiongeza Whernside wa mita 736 unapata milima mitatu ambayo watu huizunguka kwa siku moja, karibu kilomita 39, kwa hiari yao. Shangazi alipoelezwa hilo aliuliza wanalipwa kiasi gani.

Stesheni yenyewe ni jengo dogo la mawe, linatunzwa vizuri, na ndani kuna maonyesho ya historia ya reli. Mengine usitarajie. Choo, malizana nacho ndani ya treni. Chakula, beba. Kuna baa hatua chache chini ya stesheni, tulipata chai ya moto huko, ila siku ya watembea milima inajaa hadi mlangoni.

Kilichotuleta ni daraja, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Wengi hupitiliza na treni wakipiga picha dirishani, na hilo ni kosa, kwa sababu ukiwa juu yake humwoni mnyama uliyempanda. Shuka, nenda usimame chini yake. Lina matao 24, urefu wa mita 400 na kimo cha mita 32 pale lilipo juu zaidi. Angalia nguzo moja baada ya nyingine: kila ya sita ni nene kuliko wenzake. Wajenzi walihofia kwamba nguzo moja ikianguka ingevuta zote, basi wakaweka hizo nene ili maafa yaishie hapo. Shangazi alizihesabu kwa kidole, akarudia, akaridhika.

Kazi ilianza 1870, na treni za abiria zikaanza kupita Mei 1876. Kampuni ya Midland ilitaka njia yake ya kwenda Scotland bila kutegemea reli ya mshindani, ndiyo maana ikapasua milima hii isiyo na watu. Wafanyakazi na familia zao waliishi kwenye vibanda hapahapa kwenye tope, na vijiji vyao wakavipa majina makubwa: Sebastopol, Jericho, hata Belgravia, mtaa wa matajiri wa London! Leo kuna nyasi tu na matuta.

Sasa, kama una muda, usiishie darajani. Teremka na barabara kama kilomita tatu hadi Chapel-le-Dale, kwenye kanisa dogo la St Leonard's. Humo walizikwa wafanyakazi, wake zao na watoto, wengine kwa ajali, wengine kwa ndui, wengi kiasi kwamba eneo la makaburi lilibidi lipanuliwe. Ndani kuna jiwe la kumbukumbu. Mimi nilikuwa napiga picha. Shangazi akanigusa mkono niache. Alikaa pale kimya kirefu. Nyumbani pia reli ilipita Tsavo na ikaacha makaburi, na mtu aliyekulia kando ya njia ile haambiwi.

Kukaa huko kulitugharimu. Treni za kurudi ni chache, na mimi, niliyejifanya mwenyeji, sikuwa nimeandika saa. Tukiwa bado barabarani tukaiona ikivuka daraja taratibu, ndogo kama siafu, ikatuacha. Kwa hiyo nakusihi: piga picha ya ratiba kabla hujatoka stesheni. Na vaa koti la upepo hata kama Leeds kuna jua.

Tukingoja, nikamsimulia shangazi jinsi serikali ilivyotaka kuifunga reli hii miaka ya 1980. Watu maelfu wakapinga kwa maandishi, na miongoni mwao mbwa mmoja, Ruswarp, akatia alama ya unyayo wake kwa kuwa naye alikuwa abiria mwenye nauli iliyolipwa. Mwaka 1989 reli ikanusurika, na mbwa ana sanamu yake stesheni ya Garsdale.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imekwenda na upepo.

Shangazi hakunijibu habari za mbwa. Alikuwa anawatazama watembea milima wakiingia mmojammoja, wamechoka, matope hadi magotini, wanapekua mikoba mitupu. "Mwanangu," akasema, "hawa wote hawajala. Ndoo moja tu ya mayai ya kuchemsha."