Kitalu cha Tengeru nilikopata pitanga, baada ya duranta kunitia hofu

Naandika hii kwa mtu yeyote hapa Arusha anayetafuta miti ya urembo yenye vitunda vya rangi kwa ajili ya nyumbani, maana mimi nimezunguka sana vitalu vya kando ya barabara ya Moshi na hela imepotea ndo nikapata mtu anayejua anachouza. Kitalu chenyewe hakina hata bango, ni uwanja wa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Tengeru, unaingia kwa njia ya migombani.

Nianze na kilichonitoa barabarani. Mwaka wa kwanza wa kutafuta nilimwambia muuzaji mmoja nataka kitu kitakachotoa vitunda, ndege waje, na mimi nikikaa barazani nione rangi, akanipa duranta kwa elfu tatu mche mmoja na akaniambia tena kwa kujiamini kabisa kwamba vitunda vyake hata mtoto akila hakuna shida. Duranta wengi tunaijua kama uzio, inakatwa kila baada ya siku chache ibaki imenyooka, na kwa sababu maua yake yanatoka kwenye ncha za matawi mapya basi ukiikata kila mara huoni tunda hata moja. Ya kwangu sikuikata. Ikaja kupasuka maua ya zambarau halafu vishada vya njano vinavyoning'inia, jamani ni mzuri ule mti, sikatai. Sasa jioni moja namkuta mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, kajaza kiganja vile vitunda na kimoja kiko mdomoni. Jirani yangu nesi alipoviona akaruka, akatuambia ile ni sumu, mtoto anaweza kutapika, kulegea na usingizi, hata degedege. Mungu mkubwa alikuwa hajameza, ila tulimpeleka hospitali hivyo hivyo na tukakaa naye mpaka usiku. Asubuhi yake duranta zote nne nikang'oa na visiki. Niliporudi kwa muuzaji akasema yeye anauza tu, anayepanda ndo anatakiwa ajue.

Kwa hiyo nilipofika kwa huyu mzee nilikuwa na hasira zangu. Nikamwamkia, shikamoo babu, nataka mti wa vitunda vya rangi, yeye badala ya kutaja bei akaanza kuniuliza, mama, nyumbani kuna watoto wa umri gani, jua linapiga upande upi, unamwagilia maji ya bomba au ya kisima, na kutoka ukuta mpaka pale unapotaka kupanda ni hatua ngapi. Hapo nikajua nimefika. Nilipomweleza habari ya duranta akatikisa kichwa, akasema nyumba yenye mtoto anayetambaa au kutembea panda kitu ambacho hata akikiiba mdomoni kinaliwa, akanipeleka kwenye pitanga.

Pitanga asili yake ni Brazil na nchi za jirani zake. Tunda ni dogo, kama kiboga cha kuchezea, lina mifereji saba au nane kuzunguka, linaanza kijani linakuja njano, chungwa, jekundu, mwisho linakuwa jekundu la kuelekea weusi, na rangi zote hizo unazikuta kwenye tawi moja kwa wakati mmoja. Kwa urembo hapo imetosha, na bado majani mapya nayo yanatoka na wekundu wa shaba (mimi mwanzoni nilimpigia simu babu nikidhani ni ugonjwa, akanielewesha kwa upole kabisa). Ana mti mama uwanjani, akaniambia onja mwenyewe. Nikachuma jekundu linalong'aa, lilikuwa na ukali fulani wa utomvu kama umetafuna jani la msonobari. Akasema haya sasa shika lile la weusi, nikaligusa tu likadondoka mkononi lenyewe, tamu, uchachu kwa mbali. Pitanga ukilazimika kulivuta ujue bado. Na mbegu unatema, hailiwi.

Kitu kingine alichoniambia ambacho wengine hawasemi ni kwamba miche yake ni ya mbegu, kwa hiyo tunda la mtoto laweza kutofautiana kidogo na la mama, ndo maana yeye anachukua mbegu za mti ule mmoja mtamu na anazipanda mapema tunda likishadondoka, zikikaa muda zinakauka na hazioti.

Bei ilikuwa elfu sita mche mmoja, mara mbili ya barabarani, nikachukua sita. Mapungufu yapo na nayasema. Miche haina alama wala jina, kama babu hayupo kijana wake anabahatisha. Usafiri hamna, nilizibeba kwa bajaji mbili. Na mche mmoja nilipochana kiriba (ule mfuko wa plastiki wa mche) nikakuta mizizi imejizungusha chini kama kamba, mzizi mkuu umekunjwa, ule hata ungekua ungekuja kudumaa. Nikaupiga picha nikamtumia babu, akabadilisha siku ya pili bila maneno mengi. Mingine mizizi ilikuwa myeupe, mizuri, ila hata hivyo ichaneni kiriba chote msizike mti na plastiki yake, nimeona watu wanafanya hivyo.

Nilipanda mwisho wa mwezi wa tatu masika inaanza, shimo sentimita sitini kila upande, udongo wa juu nikautenga nikachanganya na debe la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kabisa, ile mbichi inaunguza. Majani makavu juu lakini yasiguse shina. Minne nimeipanda kama uzio kwa umbali wa mita moja hivi, miwili nimeiacha iwe miti peke yake. Kiangazi naipa nusu debe la maji mara mbili kwa wiki. Mwaka wa pili nikaona vitunda vya kuhesabu, mwaka huu wa tatu ndo imebeba haswa, kutoka ua jeupe mpaka tunda jekundu ni kama wiki tatu tu, unageuka kidogo unakuta mti umebadilika.

Shida yake kubwa ni nzi wa matunda. Ukiacha yaliyodondoka yakaoza chini ya mti umewafugia, mimi naokota kila jioni na kufukia shimo la nusu mita. Kulikuwa na masizi meusi kwenye majani pia, babu alikuja mwenyewe akageuza jani akanionyesha vidugamba, vile vidudu vinavyofyonza jani, chini yake, na sisimizi wanaopanda kuvilinda kwa sababu ya utamu vinaoutoa. Maji ya sabuni na kitambaa, wiki tatu, ikaisha, na hakunitoza hata mia ya kuja.

Mforosadi anao pia, wa vipande vya matawi, unashika haraka, ila aligoma kuniuzia nilipomwambia sehemu iliyobaki ni karibu na kamba ya nguo, kasema madoa yake hayatoki na nitamlaumu. Nimeshahamisha kamba. Vuli ikianza nakwenda kuchukua miwili, na yule mtoto wa dada ameomba aende kuchagua mwenyewe.