Kindle Paperwhite mjini Lamu: jua, chumvi na utenzi

Ukiweka kitabu kwenye kidaka cha nyumba ya mawe mwezi wa Mei, ukakisahau mpaka Agosti, utakikuta jalada limepinda na kurasa zimeota madoa ya rangi ya chai. Kuta za matumbawe zina chumvi ndani yake, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Kusi likishika, ukuta unatoa jasho na kitabu kinalinywa. Kwa hiyo mpenzi wa vitabu anayeishi Lamu ana sababu ya kukiangalia kisomeo cha kielektroniki kwa jicho ambalo mwenzake wa Nairobi hana. Kinachopimwa hapa ni Kindle Paperwhite ya 2021, yenye uso wa inchi 6.8. Toleo la 2024 lina uso wa inchi 7 na linafungua kurasa upesi zaidi, lakini mengi yatakayosemwa hapa yanalihusu nalo pia.

Tuanze na jua, maana hapo ndipo kinapojilipia. Saa nne asubuhi pale Mkunguni, mbele ya ngome, simu yoyote inageuka kioo cha kujitazamia. Uso wa Kindle haufanyi hivyo kwa sababu hauwaki kama wa simu. Ndani yake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazisukuma juu au chini, zikishakaa zimekaa, hata umeme ukikatika. Unachosoma ni mwanga wa nje unaogonga chembe na kurudi, sawasawa na karatasi. Jua likizidi, maandishi yanazidi kuonekana. Kosa ni kukiacha juani. Kifaa hiki kimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na jiwe la baraza lililopigwa na jua la Februari linapita hapo bila shida. Ukinyanyuka kwenda kusalimia watu, kibebe, au kilaze kifudifudi kivulini.

Chaji nayo inahitaji hesabu. Kiwandani wanasema wiki 10. Ukisoma maelezo yao vizuri, wiki hizo ni za nusu saa kwa siku, mtandao ukiwa umezimwa na taa ikiwa kwenye kiwango cha 13. Hiyo ni jumla ya saa 35. Msomaji wa kweli, wa saa tatu kwa siku, atafika siku 11 au 12 hivi, na akiacha Wi-Fi wazi zitapungua. Bado si haba. Stima ikikatika siku mbili, simu zote mtaani zimekufa, wewe uko sura ya kumi na nne.

Usiku ndani ya chandarua kinafaa kuliko taa ya mkononi. Taa zake zimepangwa ukingoni na zinamulika uso kutoka mbele, hazikupigi machoni, na rangi unaweza kuisogeza kutoka nyeupe hadi ya manjano ya koroboi. Isogeze kwenye manjano; macho yanapumua, na wadudu nao wanapungua hamu ya kujibandika kwenye neti. Kindle ya kawaida ya inchi 6 haina rangi hiyo. Haina pia kinga ya maji, na uso wake umezama kidogo chini ya fremu, hivyo mchanga wa Shela unajikusanya kwenye pembe nne na kukwaruza kila unapopangusa. Paperwhite uso wake uko sawa na fremu, mchanga unapuliziwa tu ukaondoka. Kwa mtu wa kisiwani tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Sasa maji. Alama yake ni IPX8, na wengi wakiiona alama hiyo hujiachia kupita kiasi. Kipimo chenyewe ni mita 2 za maji baridi kwa dakika 60. Maji ya bahari ni sentimita 25 kwa dakika 3. Yaani kikitapakazwa na wimbi kwenye boti ya Mokowe hakina neno, ila kikidondoka gatini maji yakiwa yamejaa, kiage. Kikipata maji ya chumvi, usikichomeke chaji. Kisuuze kwa maji ya bomba, kisimamishe tundu la chaji likitazama chini, kiache kwenye upepo mpaka kikauke kabisa, hata kama ni siku nzima. Chumvi ikibaki kwenye tundu na umeme ukapita, vile vijino vya shaba vinaliwa kutu upesi mno. Na hii tabia ya kuzika kifaa kwenye mchele iachwe: vumbi la wanga linaingia tunduni likaganda humo, na mchele wenyewe unaharibika bure.

Kahawa chungu haikidhuru. Haluwa ndiyo mtihani. Uso unasikia kidole, na kidole chenye samli kinafungua kurasa tatu badala ya moja, kisha kinaacha utando unaong'aa kwenye jua. Pangusa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo tu. Usitumie spiriti wala dawa ya kuoshea mikono.

Kwenye Kiswahili ndipo kifaa kinapoanza kuonyesha kwamba hakikuumbwa na sisi. Herufi hazina tatizo, maana hatuna alama za juu wala za chini zaidi ya ile ya ng'. Tatizo ni urefu wa maneno. Kindle hupenda kunyoosha mistari ilingane pande zote mbili. Kiingereza kina maneno mafupi mengi ya kujazia nafasi. Sisi tuna “watakapowarudishia” na “wasiokubaliana”. Neno la namna hiyo lisipotosha mwishoni mwa mstari linarukia mstari wa chini lote, na mstari ulioachwa unabaki na maneno manne yaliyotawanyika kama meno ya kizee. Faili iliyoandikwa kwa makosa kuwa ni ya Kiingereza ni mbaya zaidi, maana neno linaweza kukatwa mahali ambapo hakuna Mswahili angepumua: “nyumb-ani”, “mwanam-ke”. Dawa ni ndogo. Gusa sehemu ya juu ya ukurasa, fungua Aa, ingia kwenye mpangilio, chagua kulinganisha kushoto peke yake. Upande wa kulia utakuwa na meno ya msumeno, lakini jicho litatiririka.

Kamusi nayo haimo. Unabonyeza neno la Kiingereza, maana yake inaruka juu. Unabonyeza la Kiswahili, kimya. Hata ukipata faili ya kamusi ya Kiswahili ukaiweka mwenyewe, utakwama kwenye viambishi. Kifaa kinatafuta neno kama lilivyo. Kitatafuta “walipoangukia” kwenye W wakati kamusi imeliweka “anguka” kwenye A. Kwa Kiamu, lahaja ya hapa, ndiyo usiseme: mato (macho), ndia (njia), nti (nchi), yuu (juu). Mwenyeji hahitaji kamusi kwa hayo, lakini mgeni aliyekuja kujifunza atahitaji mzee wa barazani, na mzee wa barazani hana betri ya kuisha.

Ushairi ndio unaokisumbua zaidi, na hapa ni Lamu, huwezi kumwambia mtu anunue kisomeo kisha usimwambie habari ya ushairi. Ubeti wa utenzi una vipande 4, kila kimoja mizani 8. Vitabu vingine vinapanga vipande viwili viwili kwenye mstari mmoja vikitenganishwa na pengo katikati. Faili za EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki, zina desturi ya kumeza nafasi: ukiweka nafasi kumi mfululizo, inaonyeshwa moja. Pengo linapotea, ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mstari, vinashikana, na sikio linapoteza mahali pa kupumulia. Ukikuza herufi kidogo, mstari unavunjika na mizani tatu za mwisho zinaanguka chini peke yake. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, ukisomwa hivyo unakuwa kama telegramu. Inkishafi ni afadhali: mizani 10 kwa mstari, sita kisha nne, inakaa kwenye uso huu bila kuvunjika.

Mwenye subira anaweza kurekebisha. Pakua Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Fungua faili, weka kila kipande kwenye mstari wake, badilisha lugha ya kitabu iwe Kiswahili, kisha hifadhi. Utenzi wa beti mia ni kazi ya jioni moja. Au kwenye menyu geuza ukurasa ulale, shairi la mizani 16 litaingia kwa upana wote hata kwa herufi kubwa.

Miswada ya hati ya Kiarabu ni jambo jingine. Chuo cha SOAS cha London kimeweka picha za miswada ya Kiswahili mtandaoni, na mtu angependa kuzibeba kitandani. Asijisumbue. Picha ya ukurasa mpana ikibanwa kwenye inchi 6.8 nukta za ب na ت zinakuwa vumbi. Ukikuza, uso unasitasita na kuacha kivuli cha ukurasa uliopita. Hizo zitazamwe kwenye kompyuta.

Kuingiza vitabu vyako ni rahisi ukishajua mlango upi unapokea nini. Ukurasa wa Send to Kindle unapokea EPUB, PDF na hati za Word mpaka megabaiti 200. Kwa barua pepe mwisho ni 50. Washa mtandao wa simu, ungana nao, faili inashuka yenyewe. Kwa waya wa USB mambo ni kinyume: EPUB ukiibandika moja kwa moja haitaonekana, lazima Calibre iigeuze kwanza kuwa AZW3, aina ya faili ya Kindle yenyewe. Jingine la kujua kabla ya kutoa pesa: tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon, kampuni yenye Kindle, imeondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua kwao ili uvihamishe kwa waya. Umenunua ruhusa ya kusoma, si kitabu. Hutamwazima jirani, wala hutamrithisha mjukuu kama msahafu wa babu.

Kwa kutazama, hakifai kabisa. Hakina rangi wala video, na filamu ya Jumamosi usiku itabaki kwenye runinga. Neno hilo runinga, kwa wasiojua, husemwa kuwa ni la Sheikh Ahmed Nabhany, malenga wa hapa Matondoni. Angalikuwa hai, hiki kidude nacho kingekwisha kupata jina. Gazeti pia ni afadhali la karatasi. Ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo unasomwa na watu watano kwa zamu juu ya baraza moja, na nusu ya utamu ni kumpinga anayesoma kwa sauti.

Ukinunua cha mtumba, kaa nacho robo saa kabla ya kulipa. Chini ya uso kuna bamba jembamba la kioo. Likikaliwa, unaona mistari isiyoondoka au kona iliyoganda, na uso mpya gharama yake inakaribia kifaa kizima. Fungua ukurasa mweupe na uutazame wote. Zima taa ya chumba uone kama mwanga wa ukingoni umelingana. Chungulia tundu la chaji kwa tochi ya simu; ukiona ukijani, achana nacho. Kikiganda, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 40, kiwake upya. La mwisho, mwambie muuzaji akitoe kwenye akaunti yake mbele yako, mtandao ukiwa umeunganishwa. Akisema nywila ameisahau, mrudishie mkononi.