Tathmini: Kodi ya utajiri ya kila mwaka, na mshindani wake anayeipiku

Kinachopimwa hapa ni chombo kinachonadiwa upya kila msimu wa bajeti: kodi ya kila mwaka juu ya utajiri halisi, yaani mali zote za mtu ukitoa madeni yake. Kinashindanishwa na nyongeza kwenye ngazi ya juu ya kodi ya mapato. Wauzaji wake huahidi mambo mawili. La kwanza, kitaiingizia Hazina fedha nyingi. La pili, fedha hizo zitatoka kwa watu ambao hata hawatazihisi. Ahadi zote mbili zinategemea mambo ambayo hayatajwi sana jukwaani: wigo wa kodi (mali zipi zinaguswa), uthamini wa mali na misamaha. Asilimia yenyewe, ile 1 au 2 inayopigiwa kelele, huamua mambo machache kuliko watu wanavyodhani.

Chukua hesabu hii ya mfano. Nchi ina watu 10,000 wenye utajiri unaozidi milioni 5, na wastani wa utajiri wao ni milioni 12.5. Kodi ni asilimia 1 ya kile kinachozidi hiyo milioni 5. Kwa wastani kila mmoja ana milioni 7.5 juu ya kizingiti. Piga asilimia 1, zidisha kwa watu 10,000, unapata milioni 750. Hiyo ndiyo tarakimu inayosomwa bungeni na kupangiwa matumizi siku hiyo hiyo.

Halafu muswada unaingia kwenye kamati. Biashara za familia zinasamehewa, mashamba yanasamehewa, kazi za sanaa zinasamehewa, na tuseme kwa pamoja ni asilimia 40 ya utajiri wa kundi lile. Wastani unashuka hadi milioni 7.5, kinachozidi kizingiti kinabaki milioni 2.5, na makusanyo yanakuwa milioni 250. Msamaha wa asilimia 40 umekula theluthi mbili ya fedha. Mali iliyobaki nayo ikithaminiwa asilimia 20 chini ya bei ya soko, wastani unakuwa milioni 6, ziada milioni 1, makusanyo milioni 100. Kiuhalisia yatazidi hapo, kwa sababu anayeshuka chini ya kizingiti analipa sifuri na wala harudishiwi kitu, lakini mwelekeo ndio huo. Kizingiti kikiwa juu, kila tundu kwenye wigo linavuja kuliko upana wake. Anayeandaa bajeti akiwa na tarakimu moja tu ya makadirio, bila jedwali la misamaha pembeni, bado hajaanza kazi.

Uthamini ndio unaovunjika kwanza. Hisa zilizoorodheshwa sokoni zina bei kila siku. Amana ya benki haina ubishi. Tatizo ni nyumba, ardhi, na hasa kampuni isiyoorodheshwa, ambayo thamani yake hutegemea nani kakokotoa na kwa kanuni ipi. Ujerumani ilikwama hapo hapo: nyumba na ardhi zilikuwa zikihesabiwa kwa thamani za mwaka 1964, huku hisa na dhamana zikihesabiwa kwa bei ya sasa. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ikasema huko ni kuwatendea walipakodi bila usawa. Bunge halikurekebisha uthamini, na tangu 1997 kodi hiyo haikusanywi. Kuthamini upya nyumba za nchi nzima ni kazi ghali, na kisiasa ni kujichongea. Ndiyo maana huahirishwa mpaka mahakama iingilie.

Norway imechagua njia nyingine: inakubali waziwazi kwamba mali hazihesabiwi sawa. Nyumba anayoishi mtu huhesabiwa kwa robo ya bei ya soko (kwa nyumba ghali sana, sehemu inayozidi kiasi fulani huhesabiwa kwa uzito mkubwa zaidi), na hisa kwa asilimia 80. Nyumba ya kroner milioni 8 inaingia kwenye hesabu kama milioni 2. Hisa za milioni 8 zinaingia kama milioni 6.4. Matokeo hayahitaji utafiti: fedha zinakimbilia kuta na mabati badala ya mitaji ya biashara. Mbunifu yeyote anayeiga mtindo huu aangalie na upande wa madeni. Mali ikihesabiwa kwa robo ilhali deni lililoinunua linakatwa lote, kukopa kunageuka njia halali ya kufuta kodi ya mali nyingine.

Ufaransa ndiyo sampuli inayofundisha zaidi kuhusu misamaha. Kodi yake ya utajiri ilidumu kuanzia 1989 hadi 2017. Mwishoni ilianzia kwa wenye zaidi ya euro milioni 1.3, na kiwango cha juu kilikuwa asilimia 1.5. Mali za biashara anazoziendesha mwenyewe mlipakodi zilisamehewa, na sanaa vilevile. Juu ya hayo kulikuwa na dari: jumla ya kodi ya mapato na kodi ya utajiri isizidi asilimia 75 ya mapato ya mwaka. Lengo lilikuwa jema, kumlinda mwenye nyumba kubwa na kipato kidogo. Lakini tajiri mwenye kampuni miliki (kampuni inayoshika hisa zake) huamua mwenyewe gawio, yaani mgao wa faida, litoke au libaki ndani. Likibaki ndani, mapato yake ya mwaka kwenye karatasi yanakuwa madogo, dari inashuka, na kodi inayeyuka. Aliyebaki kubanwa ni tajiri wa kati mwenye nyumba mbili na hisa za kampuni ya mtu mwingine. Mwaka wa mwisho kodi hiyo iliingiza zaidi kidogo ya euro bilioni 4, kiasi kidogo kwa serikali yenye bajeti kubwa namna ile. Tangu 2018 imebaki kwa nyumba na ardhi tu.

Je, kuna mahali kinafanya kazi? Uswisi. Kila jimbo hutoza kodi ya utajiri, na makusanyo kwa ujumla hufikia zaidi ya asilimia 1 ya pato la taifa, kiasi ambacho kwingine hakionekani. Siri yake haiwafurahishi wanaokinadi chombo hiki kama silaha dhidi ya mabilionea. Vizingiti vya Uswisi viko chini, kwa hiyo tabaka la kati nalo linalipa. Viwango ni vidogo, misamaha ni michache, na tamko la mali huambatana na ritani (fomu ya kodi) ya kawaida ya kila mwaka. Isitoshe, mtu binafsi anayeuza hisa zake kwa faida kwa kawaida hatozwi kodi juu ya faida hiyo. Kodi ya utajiri huko imeziba nafasi ya kodi nyingine. Haikupachikwa juu yake. Anayenukuu mafanikio ya Uswisi bila sentensi hiyo anauza nusu ya bidhaa.

Uzito wa kodi hii kwa mlipaji nao hupotoshwa pande zote mbili. Asilimia 1 ya mtaji inasikika ndogo. Mtaji ukizaa asilimia 4 kwa mwaka, hiyo ni robo ya zao lote. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 2, zao halisi ni asilimia 2, na kodi imechukua nusu yake, kabla ya kodi ya mapato kuingia. Kwa mtu ambaye mtaji wake unazaa asilimia 10, kodi ile ile ni sehemu ya kumi tu. Kwa maneno mengine, inamlemea zaidi mwenye amana za benki kuliko mwekezaji hodari au mwenye ukiritimba. Wapo wachumi wanaoliona hilo ni jambo zuri, kwa kuwa linasukuma mtaji uende kwa anayejua kuutumia. Hoja inasimama, ila mtetezi wake asiseme papo hapo kwamba matajiri wakubwa ndio wanaoumia zaidi.

Sasa makadirio dhidi ya makusanyo, jambo linalomkosesha mpangaji wa bajeti usingizi. Mwishoni mwa 2022 Uhispania ilianzisha kodi ya mshikamano, ambayo ni kodi ya utajiri ya taifa, kwa wenye zaidi ya euro milioni 3, kwa viwango vya asilimia 1.7, 2.1 na 3.5. Makadirio yalikuwa kama euro bilioni 1.5. Mwaka wa kwanza ziliingia takriban milioni 620. Sehemu ya sababu imo kwenye muundo wenyewe: kile ambacho mlipakodi amelipa kama kodi ya utajiri ya mkoa hukatwa kwenye kodi ya taifa. Lengo lilikuwa kuibana mikoa kama Madrid, iliyokuwa imewafutia matajiri wake kodi ya mkoa yote. Kama shinikizo kwa mikoa, ilifanya kazi. Kama bomba la fedha kwa serikali kuu, hapana.

Linganisha na Massachusetts, Marekani, ambako wapiga kura walipitisha mwaka 2022 nyongeza ya asilimia 4 kwa mapato ya mwaka yanayozidi dola milioni 1. Jimbo lilikuwa na kiwango cha kawaida cha asilimia 5, hivyo kwa sehemu ya juu inakuwa 9. Fomu ni ile ile, mwajiri anayeikata ni yule yule, na wigo unajumuisha faida ya kuuza hisa na mali, si mshahara pekee. Bajeti ya mwaka wa fedha wa 2024 ilipanga kutumia dola bilioni 1 kutoka humo. Zikaingia zaidi ya bilioni 2. Kukadiria kwa uangalifu kulikuwa nusu ya kazi, na nusu nyingine ni wigo mpana usiohitaji mthamini. Huyu ndiye mshindani anayeipiku kodi ya utajiri kwa nchi nyingi: nyongeza kwenye ngazi ya juu ya kodi ya mapato, mradi faida ya mtaji (ile ya kuuza hisa na mali) iingie humo humo.

(Kwa wanaotishwa na nyongeza ya namna hii: kiwango kipya hugusa kile tu kinachozidi kizingiti. Mwenye mapato ya 1,050,000 hulipa nyongeza juu ya 50,000, yaani 2,000. Hakuna anayepata hasara kwa kuvuka mstari.)

Mshindani naye ana kasoro zake, na kubwa ni kuyumba. California hutegemea sana kodi ya mapato, na katika miaka mingi asilimia 1 ya juu ya walipakodi huchangia kati ya asilimia 40 na 50 ya kodi hiyo. Soko la hisa likipanda, jimbo linafurika. Mei 2022 lilitangaza ziada inayokaribia dola bilioni 100. Soko likashuka, na mwaka uliofuata likawa linaziba pengo la takriban bilioni 30. Fedha za namna hii hazifai kulipia mishahara ya walimu wapya peke yake. Weka kwenye matumizi ya kudumu kile ambacho kingeingia hata mwaka mbaya. Kinachozidi kiende kwenye akiba, deni au mradi wenye mwisho.

Kasoro ya pili ni kwamba kodi ya mapato humngoja mtu auze. Asiyeuza halipi. Nchini Marekani mwenye hisa zilizopanda mara mia anaweza kukopa kwa kuziweka dhamana, akaishi kwa mkopo, akafa nazo. Mrithi huanza hesabu upya kwa bei ya siku ya kifo, na faida yote ya awali haitozwi kodi ya mapato kamwe. Tundu hili peke yake ndilo hoja nzito kuliko zote ya kutoza utajiri moja kwa moja. Lakini linazibika kwa kifungu kimoja: kifo kihesabiwe kama mauzo, au mrithi abebe bei ya zamani ya ununuzi. Pendekezo la mchumi Mfaransa Gabriel Zucman, la kiwango cha chini cha asilimia 2 ya utajiri kwa mabilionea wapatao 3,000 duniani, linalenga tundu hilo hilo kwa njia nyingine: anayelipa vya kutosha tayari haongezewi kitu. Toleo la Kifaransa, kwa wenye zaidi ya euro milioni 100, lilipita Bunge la chini Februari 2025 na kukataliwa na Seneti Juni mwaka huo. Kiufundi ni bora kuliko kodi ya utajiri ya kizamani, kwa sababu halina msamaha wa mali za biashara. Uthamini wa kampuni zisizoorodheshwa bado unalisubiri mlangoni.

Kodi ya urithi inastahili kutajwa kwa ufupi tu: mali huwa inathaminiwa hata hivyo wakati wa mirathi, kwa hiyo gharama ya ziada ni ndogo. Huharibiwa na zawadi za mapema. Uingereza hurudi nyuma miaka 7 kuziangalia, na muda mfupi kuliko huo ni mwaliko kwa mwenye afya njema na wakili mzuri.

Kuhusu kuhama: matajiri wa Norway waliohamia Uswisi baada ya ongezeko la kodi ya utajiri la 2022 wamezungumzwa sana. Dawa ya kawaida ni kodi ya kuondoka, inayotoza faida iliyokwisha kukusanyika kabla mtu hajahama, na lazima iwe kwenye sheria kabla ya ongezeko kutangazwa. Kuficha fedha nje kumekuwa kugumu tangu nchi zianze kubadilishana taarifa za akaunti za benki mwaka 2017, ila mfumo huo hauoni nyumba wala ardhi zinazomilikiwa nje moja kwa moja.

Kwa hiyo, nani achukue kipi? Nchi yenye daftari la ardhi linaloaminika, bei za nyumba zinazosasishwa na wakaguzi wa kutosha inaweza kuendesha kodi ya utajiri kwa mtindo wa Uswisi, ikikubali kuwatoza wengi kwa kiwango kidogo. Isiyo na daftari hilo ianze na faida ya mtaji na kodi ya majengo. Italipwa zaidi kwa jasho lile lile. Kwa vyovyote, tarehe ya kuanza iandikwe kwa makini. Uingereza ilitangaza mwaka 2009 kwamba kiwango cha juu cha kodi ya mapato cha asilimia 50 kingeanza Aprili 2010, na kati ya pauni bilioni 16 na 18 za mapato zikavutwa mbele ili zikatwe kwa kiwango cha zamani. Mwaka wa kwanza wa kodi mpya ukaonekana mbovu kuliko ulivyokuwa, na tarakimu zake zikatumika kama ushahidi wa kuishusha.