Malindi mpaka Unguja: tiketi ipi ununue, ipi uachane nayo

Kwenye ramani Malindi na Unguja ni kama kilomita 350 tu ukipima moja kwa moja, ndo maana mtu akialikwa arusi kule huona ni hapo tu, afu anashika simu kutafuta ndege ya kutoka hapa Malindi, Kenya, na anauziwa njia ya Nairobi. Hebu tupige hesabu. Malindi mpaka Nairobi ni 410 hivi, Nairobi mpaka Unguja 600, yaani unaruka kilomita elfu moja na unaanza kwa kugeuzia kisogo unakokwenda. Hewani kwenyewe si kitu, saa moja hivi afu saa moja na kidogo, ila kule kungoja katikati ndo kunakula siku. Tena angalia sana unatua wapi, maana ndege zingine za Malindi zateremka uwanja mdogo wa Wilson na za Unguja nyingi ziko JKIA, ule uwanja mkuu wa Nairobi, sasa uvuke mji mzima kwa teksi na mabegi na foleni ya Nairobi mwaijua. Hii naiweka ya mwisho, labda uwe na shughuli zako huko.

Ya kwanza kwangu ni kununua ya kutokea Mombasa. Mombasa–Unguja ni kilomita 250, haifiki saa moja hewani. Wapanda matatu mpaka Mombasa, kilomita 120, saa mbili na zaidi, lakini Mtwapa na daraja la Nyali usivichezee, toka mapema kabisa. Hakikisha imeandikwa ni ya moja kwa moja, kwa sababu siku isiyokuwepo watakupitisha Nairobi vilevile na bei juu.

Mfuko ukiwa mwepesi, basi la Mombasa–Dar halina ubaya. Lapita mpaka wa Lunga Lunga, mihuri yote mnagongewa Horohoro, upande wa Tanzania, afu Tanga, na siku nzima inaishia barabarani. Kutoka Dar kuna boti ya kasi, saa mbili hivi, na inakushusha bandari ya Malindi, ndio, Unguja nako kuna Malindi yao (hapo utani hauishi). Shida ni kwamba boti ya mwisho hutoka jioni mapema na stendi kubwa ya Mbezi iko mbali na bandari, kwa hivyo chukua basi la usiku ufike Dar asubuhi, usinunue la mchana ukaja kulipa gesti bure.

Jahazi la mizigo hata usiniulize.

Na kabla hujalipa popote, kitambulisho peke yake hakitoshi Tanzania, uwe na pasi au kibali cha muda, na kadi ya homa ya manjano uitie begi la mkononi, si lile linaloingia buti, maana basi likishasimama mpakani hakuna wa kukufungulia haraka.