TAHADHARI: Sarafu za Vespasian zenye mtende, zinasubiwa kwenye kalibu

Wakusanyaji wenzetu, kuna muuzaji anayesambaza sarafu kubwa za shaba za Kaisari Vespasian wa Roma, zile zenye maandishi "IVDAEA CAPTA" (Uyahudi umetekwa) za mwaka 71 baada ya Kristo. Msinunue. Ametoa picha za sarafu tatu akidai ni tofauti, na zote zina kovu lile lile nyuma ya sikio la kaisari. Warumi waligonga sarafu moja moja kwa mhuri. Mbili zinaweza kuwa na mchoro mmoja, lakini mikwaruzo hailingani kamwe. Ikilingana, zimesubiwa, yaani shaba iliyoyeyushwa imemiminwa kwenye kalibu moja.

Tazama upande wa nyuma. Katikati pana mtende, kulia ameketi mwanamke wa Kiyahudi anayeomboleza, shavu mkononi. Kushoto amesimama mateka aliyefungwa mikono, au kaisari mwenyewe na mkuki wake. Kwenye halisi iliyohifadhika vizuri utaona makuti moja moja na vichala vya tende vikining'inia. Kwenye hizi feki mtende ni bonge tu na vidole vya yule mama vimeyeyukia shavuni. Atakwambia sarafu imechakaa kwa kutumika. Si kweli: matumizi hulainisha sehemu zilizoinuka kwanza. Hapa hata mabonde kati ya herufi yamelainika, na yana vitobo vya mapovu ya hewa.

Mdai picha ya ukingo, ambayo huwa anaikwepa. Sarafu ya kusubu huacha mshono mwembamba kuzunguka ukingo, au alama za tupa iliyotumika kuufuta. Ya kugongwa mara nyingi ina nyufa ndogo pembeni.

Aipime pia mbele ya kamera. Halisi ina kipenyo cha milimita 32 hadi 35 na uzito wa gramu 25 hivi, ikipungua au kuzidi kidogo. Gramu 17 kwa ukubwa huo, kataa. Uzito ukiwa sawa bado hujathibitisha kitu, maana fundi mjanja huupatia.

Ukijani wa sarafu zake ni wa kupaka: pamba yenye asetoni (dawa ya kufutia rangi ya kucha) huutoa, ilhali kutu halisi ya shaba haitoki hivyo. Cheti anachoambatanisha amekichapa mwenyewe.

Aliyekwisha lipa asiisafishe wala asimuuzie mwingine. Atunze mazungumzo, risiti ya muamala na bahasha, kisha adai fedha zake kabla muda wa kupinga malipo haujaisha.